Shilingi Yetu na Dada Zake Wawili

Atokaye Migori mjini akashika barabara ya kusini hufika Isebania, na akipiga hatua chache zaidi huwa amekwisha kuingia Sirari, katika nchi ya Tanzania. Pale mpakani wapo watu wenye vibunda vya noti mikononi ambao hawakusomea uchumi katika chuo kikuu chochote. Hata hivyo wanalijua jambo ambalo waheshimiwa wetu wengi Bungeni hawana habari nalo: shilingi ya Kenya inanunua shilingi ngapi za Tanzania leo, ilinunua ngapi juma lililopita, na ni kwa sababu gani mama aliyevuka kutafuta mahindi amerudi na gunia moja badala ya mawili.

Naandika makala haya kuwasihi wakereketwa wa mageuzi, pamoja na ndugu zetu makanisani, tujifunze kutoka kwa watu hao. Tumezoea kudai uchaguzi huru, tume ya uchaguzi isiyoegemea upande na mahakama zisizotishwa, na madai hayo ni ya haki. Lakini iko kura moja inayopigwa kila siku, nayo ni bei ya shilingi. Tusipoisoma tutaendelea kuibiwa mchana kweupe huku tukiimba nyimbo za ukombozi.

Tuanze na historia kidogo. Hadi mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Kati ya Juni na Septemba mwaka huo kila nchi ilitoa noti zake, na shilingi tatu zikazaliwa zikiwa sawa kabisa: ya Kenya kwa ya Uganda, moja kwa moja, ya Uganda kwa ya Tanzania, moja kwa moja, na dola ya Marekani ikipatikana kwa shilingi 7 na senti 14 katika nchi zote tatu. Hao ndio dada watatu. Walitoka tumbo moja, mwaka mmoja, wakiwa na uzito mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 2025 dola moja ilikuwa karibu shilingi 129 za Kenya, karibu 2,450 za Tanzania, na karibu 3,600 za Uganda. Na Uganda tusiihesabu hivi hivi, kwani mwaka 1987 serikali ya huko ilifuta sufuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, na juu ya hayo wananchi wakakatwa asilimia 30 katika kubadilishiwa. Kwa hiyo Mkenya anaweza kutamba. Katika miaka sitini shilingi yake imepungua thamani mbele ya dola mara 18 hivi, ilhali ya Tanzania imepungua zaidi ya mara 300, na ya Uganda idadi yake inatisha kuitaja.

Wengi husimama hapo. Nimewasikia watu wazima, waliosoma, wakimcheka Mtanzania kwa kuwa analipa maelfu kwa mkate. Huo ni upofu. Idadi ya sufuri kwenye noti haisemi lolote kuhusu utajiri wala umaskini wa nchi. Yeni ya Japani ina sufuri nyingi kuliko shilingi yetu. Linalopasa kuangaliwa ni mwendo: fedha hii ilikuwa wapi mwaka jana, iko wapi sasa, na wenzake waliokumbwa na dhoruba ile ile walisogea kiasi gani. Mvua ikinyesha kijiji kizima na nyumba moja tu ikavuja, mwenye nyumba hawezi kuilaumu mvua.

Chukueni mwaka wa 1993. Mwandishi wa makala haya alikuwa mtoto wa shule ya msingi, naye akumbuka kutumwa dukani na pesa zile zile za juma lililotangulia, akarudi na sukari pungufu na kuchapwa kwa kudhaniwa amekula chenji. Mwisho wa 1992 dola ilikuwa shilingi 36. Mwisho wa 1993 ilikuwa 68. Bei za vitu kwa wastani zilipanda kwa asilimia 46 katika mwaka huo mmoja. Walio madarakani walitueleza kwamba wafadhili ndio waliotunyima misaada tangu mkutano wa Paris wa Novemba 1991, kwamba wakoloni mamboleo wanatuadhibu, na kwamba vyama vingi ndivyo vilivyoleta balaa.

Tuwatazame dada wawili. Katika mwaka ule ule wa 1993 shilingi ya Uganda haikuporomoka. Ilipata nguvu kidogo mbele ya dola, kutoka takriban 1,217 hadi takriban 1,130. Ya Tanzania ilishuka, lakini si kama yetu. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara wa samaki wa Homa Bay aliyekuwa akipata zaidi ya shilingi 33 za Uganda kwa shilingi yake moja Desemba 1992, alipata chini ya 17 Desemba 1993. Nusu ya mali yake ilitoweka akiwa amelala. Ziwa lilikuwa lile lile, jua lile lile, na Uganda nayo ilikuwa nchi maskini iliyotoka vitani miaka saba tu iliyopita. Nyumba iliyovuja ilikuwa moja.

Na twajua nani alitoboa paa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kufutwa kifungu cha 2A ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992, na kabla yake nchi ilifurikwa na noti mpya. Noti ya shilingi 500 ilipewa na wananchi jina la Jirongo, kiongozi wa kundi la vijana la YK'92 lililompigia kampeni Rais Moi. Waliopokea noti hizo mikutanoni walidhani wamepewa zawadi. Walirudisha zawadi hiyo yote mwaka uliofuata, dukani, kwa bei ya unga, na majirani zao ambao hawakupokea hata senti wakalipa pamoja nao. Kufikia 1994 Benki Kuu ilikuwa inatoa noti ya shilingi 1,000.

Lakini noti za kampeni zilikuwa tone tu. Mto wenyewe ulikuwa Goldenberg, na hapa ndipo watu wa Migori wana neno la kusema kuliko Wakenya wengine wote.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Sheria ya nchi iliruhusu mwenye kuuza bidhaa nje kulipwa fidia ya asilimia 20 ya thamani ya alichouza, ili kuvutia fedha za kigeni. Kampuni ya Goldenberg International ya Kamlesh Pattni ilipewa haki ya peke yake kuuza nje dhahabu na almasi za Kenya, na Hazina ikaiongezea asilimia 15 juu ya zile 20, yaani 35 kwa jumla. Hiyo 15 haikuwa na sheria nyuma yake, Bunge halikuipitisha. Kenya haichimbi almasi. Na dhahabu je? Dhahabu yetu ilikuwa hasa Kakamega na hapa kwetu. Mgodi wa Macalder huko Nyatike ulifungwa mwaka 1966, mwaka ule ule shilingi yetu ilipozaliwa, na tangu hapo kazi iliyobaki ni ya watu wenye sururu na karai, wanaoshuka mashimoni wakiwa na tochi na kuosha mchanga kwa zebaki. Nani kati ya wazee wa Nyatike aliwahi kuona dhahabu ya kutosha kujaza makaratasi yale ya Goldenberg? Kama ingalichimbwa kweli, Migori ingalikuwa na barabara za lami hadi kwenye fukwe za Muhuru wakati ule. Ilichimbwa kwenye karatasi, na fidia ikalipwa kwa noti za kweli.

Noti hizo zilipoingia mitaani bila dhahabu nyuma yake, zilikwenda kutafuta dola. Ndiyo sababu dola ilipanda. Mwaka 1993 peke yake Hazina ilitoa shilingi bilioni 5.8 kwa njia isiyo halali kuilipa kampuni hiyo. Ili kuzinyonya tena noti zilizozagaa, Benki Kuu chini ya Gavana mpya, Micah Cheserem, ililazimika kuuza dhamana za Hazina za siku 91 kwa riba iliyozidi asilimia 70. Wenye pesa wakala riba. Mkulima wa Rongo aliyetaka mkopo wa kununua ng'ombe wa kulimia akaambiwa hapana.

Tusimsahau David Munyakei. Alikuwa karani mdogo wa Benki Kuu aliyeona malipo yasiyoeleweka, akatoa nyaraka kwa wabunge wa upinzani Peter Anyang' Nyong'o na Paul Muite. Alishtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, akaachiliwa, akafutwa kazi, na akafa mwaka 2006 akiwa fukara. Chama cha Wanasheria kilipojaribu katikati ya miaka ya 90 kuwashtaki wahusika kwa kesi ya binafsi, kiliambiwa hakina haki ya kusimama mahakamani katika jambo hilo. Tume ya Jaji Bosire ilianza kazi 2003 na kutoa ripoti 2006. Hadi leo hakuna mhusika mkuu aliyefungwa kwa wizi ule. Kwa mtu wa taaluma yangu hiyo ni aibu isiyofutika.

Sasa kuna watakaosema: hayo ni ya kale, leo tuna Katiba. Ni kweli, na ni Katiba njema. Ibara ya 231 inaikabidhi Benki Kuu jukumu la kulinda uthabiti wa bei na kuikataza kupokea amri kutoka kwa mtu yeyote. Ibara hiyo hiyo ndiyo iliyoondoa sura za marais kwenye noti zetu. Ibara ya 210 inasema kodi haiwezi kutozwa ila kwa sheria. Naomba msomaji aziweke ibara hizo mbili pamoja. Shilingi inaposhuka kwa ajili ya makosa ya watawala, kila mwenye shilingi mfukoni hutozwa. Ni kodi. Lakini haina mswada, haina kusomwa mara ya pili, haina kamati ya kusikiliza maoni ya wananchi. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha waliweza kuupinga kwa sababu ulikuwa umeandikwa. Kodi ya shilingi haiandikwi popote ila kwenye ubao wa mbadilishaji pesa.

Nao ubao ulisema nini? Mwanzoni mwa 2021 dola ilikuwa shilingi 110. Januari 2024 ilifika 160. Tuliambiwa ni vita vya Ukraine, ni ukame, ni Benki Kuu ya Marekani iliyopandisha riba. Sababu hizo zilikuwa za kweli, nami sitazidharau. Lakini waulizeni dada wawili tena. Katika kipindi hicho hicho shilingi ya Tanzania ilitoka karibu 2,310 ikafika karibu 2,520, na ya Uganda ikatoka karibu 3,670 hadi 3,800. Mafuta yalipanda kwao pia. Riba ya Marekani iliwahusu pia. Wao walipoteza vidole, sisi tulipoteza mkono. Pale Isebania shilingi moja yetu iliyokuwa ikinunua 21 za Tanzania ikawa inanunua chini ya 16. Tuseme gunia la mahindi upande wa pili lilibaki shilingi 60,000 zao bila kuongezeka: mama wa Kuria alilipa karibu 2,860 hapo mwanzo, na zaidi ya 3,800 mwishoni. Mtanzania hakuongeza bei hata senti moja.

Tofauti kubwa ilikuwa deni. Takriban nusu ya deni la Kenya ni la nje, na sehemu kubwa ni ya dola. Dola bilioni 2 zilizokopwa mwaka 2014 kwa hatifungani ya Yurobondi zilikuwa zinadaiwa Juni 2024, na ulimwengu mzima ulikuwa na shaka kama tutalipa. Mwenye dola akaikalia. Machi 2023 Rais Ruto aliwaonya wanaoficha dola kwamba watapata hasara. Shilingi ikaendelea kushuka kwa miezi kumi mingine. Na tazameni hesabu hii: kila dola bilioni moja tunayodaiwa ilikuwa shilingi bilioni 110 mwaka 2021 na bilioni 160 Januari 2024. Bilioni 50 ziliongezeka juu ya vichwa vyetu bila kukopwa hata shilingi moja, bila hospitali moja kujengwa Suba wala darasa moja Uriri.

Haki itendeke: shilingi ilirudi. Februari 2024 Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine ili kulipa sehemu ya deni lile, hofu ikaondoka, na kufikia katikati ya mwaka dola ikawa karibu 129. Waliokuwa wameficha dola kweli walipata hasara. Lakini mkopo wa zamani ulikuwa na riba ya asilimia 6.875, na huo mpya 9.75. Tulinunua nguvu ya shilingi kwa kuwakopesha watoto wetu mzigo. Anayesifu nguvu hiyo bila kutaja bei yake hasemi uongo, ila amesema nusu.

Jambo jingine linanipa wasiwasi kidogo. Tangu Agosti 2024 hadi mwisho wa 2025 shilingi yetu ilikaa palepale, 129, kama saa iliyosimama, wakati ya Tanzania ilipanda ikapita 2,700 na kushuka tena. Katika soko huria bei haisimami hivyo pasipo mkono wa mtu. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema shilingi imepewa thamani kubwa kupita kiasi, kwa asilimia 17 na nusu, na Benki Kuu ikakana. Watu wakabishana, kisha tukaja kuyaona ya 2023. Benki Kuu imejikusanyia akiba ya fedha za kigeni, zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2025, na hilo ni jema. Nisemacho ni kwamba tuelezwe. Ikiwa mkono upo, una haki ya kuwapo, lakini uwe mkono tunaouona. Nigeria iliishikilia naira yake miaka mingi, na ilipoiachilia Juni 2023 kutoka karibu 460 kwa dola, haikuchukua mwaka kupita 1,500. Misri na Ethiopia ziliachilia zao mwaka 2024 na wananchi wakalipia siku moja kilichofichwa kwa miaka.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa Homa Bay: je, shilingi dhaifu si baraka kwetu sisi wauza samaki nje, wakulima wa tumbaku na wachimba dhahabu? Vitabuni, ndiyo. Mbuta huuzwa Ulaya kwa fedha za kigeni, dhahabu hupimwa kwa dola. Lakini mwenye kupokea dola si mvuvi. Mama mmoja muuza samaki aliyenijia kwa shauri la mkopo alinijibu vizuri kuliko profesa: "Wakili, mwanangu, dola ikipanda, petroli ya boti hupanda siku hiyo hiyo. Nyavu hupanda siku hiyo hiyo. Bei ya mbuta huambiwa ngoja." Mkulima wa tumbaku hupangiwa bei kwa daraja la jani, kisha hukatwa mbolea na dawa alizokopeshwa, ambazo zilinunuliwa kwa dola. Mchimbaji wa Nyatike humwuzia aliyemkopesha zebaki na chakula, kwa bei ya aliyemkopesha. Faida ya shilingi dhaifu huishia njiani, mahali fulani kati ya ufuo na uwanja wa ndege. Hasara yake haipotei njia.

Kanisa lina la kusema hapa. Nabii Amosi, katika sura ya nane, hakuwakemea waabudu sanamu peke yao. Aliwakemea wenye kupunguza kipimo, kuikuza shekeli na kudanganya kwa mizani, tena waliokuwa wakingoja sabato iishe warudi kazini. Marehemu Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alipodai mwaka 1990 kwamba mfumo wa chama kimoja ukomeshwe, aliambiwa aache siasa. Kiongozi wa dini atakayeuliza habari za shilingi ataambiwa aache uchumi. Asiache.

Mwaka 2027 tutapiga kura. Sheria ya Benki Kuu, kwa mabadiliko ya 1996 yaliyozaliwa na machungu ya Goldenberg, inaweka mpaka: Serikali haiwezi kukopa moja kwa moja kutoka Benki Kuu zaidi ya asilimia 5 ya mapato yake kulingana na hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Kila mbunge na kila mtu atakaye ubunge kutoka Kuria hadi Mbita aulizwe hadharani kama anaujua mpaka huo, na kama atadai Bungeni, kila mwezi wa mwaka wa uchaguzi, taarifa ya kiasi kilichokopwa na kiasi cha dola ambacho Benki Kuu imeuza au kununua. Asiyejua apewe juma moja akasome, aulizwe tena.

Na sisi wenyewe tuanze kazi ndogo. Kamati za Haki na Amani katika kila parokia, na vikundi vyetu vya mageuzi mahali pasipo na parokia, watundike ubao nje ya kanisa. Waandike juu yake dola kwa shilingi zetu, shilingi yetu kwa ya Tanzania, shilingi yetu kwa ya Uganda. Na chini yake bei ya gorogoro ya mahindi, kilo ya sukari na lita ya petroli pale pale walipo. Wasifute ya zamani. Waongeze safu mpya kila juma, ili macho yaone mwendo. Kwa ya Uganda, wafanyabiashara wa Muhuru na Migingo wanazo shilingi zote mbili mifukoni na watasema. Kwa ya Tanzania, bei ya Jumamosi jioni pale Isebania yatosha kwa ubao wa Jumapili asubuhi.